Bishaneni, msigombane: barua zenu kuhusu siasa kijijini, mwaloni na kwenye grupu

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, barua za wasomaji wetu wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria zimebadilika. Zamani mliuliza nani ana haki. Sasa mnauliza jinsi ya kukaa tena na mtu. Tumechagua sita, majina tumeyaacha. Nani alikosea siku zile za vurugu, hilo halimo katika majibu yetu.

Mkutano wetu wa kijiji umevunjika mara mbili mfululizo. Ajenda ni vizimba vya kufugia sato ambavyo mwekezaji anataka kuviweka karibu na mwalo. Hazipiti dakika kumi, watu wameshaanza kuitana chawa na vibaraka, na vizimba vimesahaulika. Mara ya tatu nifanyeje?
*Mwenyekiti wa kijiji, Ukerewe*

Mheshimiwa, anza na karatasi ya tangazo. Kama iliandikwa "Kujadili suala la vizimba", mkutano ulivunjika kabla watu hawajaketi. Suala la namna hiyo halina jibu. Anayesimama hana pa kushika ila kutangaza yuko upande gani, na kila upande siku hizi umeshapakwa rangi ya chama. Andika swali linalojibika: "Vizimba vikiwekwa, viwe umbali gani kutoka mwalo, na njia ya mitumbwi ipite wapi?" Aliyekuja kupigania chama hatakuwa na la kusema kuhusu njia ya mitumbwi. Mvuvi aliyezoea kukaa nyuma kimya atakuwa nalo.

Wiki moja kabla, keti na mtendaji, ambaye ndiye katibu wako, mwandike yote yanayosemwa vijiweni, kisha myachambue. Mengine yanapimika: vizimba vitaziba njia, vitakula eneo la kutegea nyavu. Mengine ni uchaguzi wa watu: heri ajira chache za uhakika kuliko eneo la kuvulia, au kinyume chake. Yanayobaki ni uvumi: mwekezaji ni mtu wa fulani. Mabishano mengi yanaharibika kwa sababu haya matatu yanapikwa chungu kimoja.

La kupimika lisijadiliwe, lipimwe. Mwombe mwekezaji aweke maboya mahali anapopataka. Kisha teua watu wanne, wawili wanaovitaka vizimba na wawili wasiovitaka, wapande mtumbwi mmoja. Sisitiza uwe mmoja, maana wakienda kwa mitumbwi miwili watarudi na vipimo viwili. Programu ya ramani kwenye simu inatosha: weka alama mwaloni, weka nyingine penye boya, chagua kupima umbali. Warudi na karatasi moja yenye saini nne, nayo isomwe mkutano unapofunguliwa. Uvumi nao usiusome mbele ya watu hata kwa nia ya kuukanusha, kwa sababu nusu yao watausikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Mtake mwekezaji alete nyaraka zake, zibandikwe ubaoni.

Siku yenyewe, anza saa uliyotangaza. Mkutano wa saa nane ukianza saa kumi, akina mama wanakwenda kuanua dagaa na kupika, wanabaki makada na wenye muda wa kupoteza. Kila msemaji apewe dakika mbili, na zihesabiwe kwa simu ya mtu wa tatu inayotoa mlio. Watu hugombana na mkono wa mwenyekiti, hawagombani na mlio. Kwa saa moja utasikiliza watu kama 25, na hilo litangaze mapema ili asiyepata nafasi ajue si njama.

Panga foleni tatu: wanaotaka, wasiotaka, na wasiojua bado. Hii ya tatu husahaulika, nayo aghalabu ndiyo ndefu kuliko zote. Mtu akipewa mahali pa kusimama pasipo na upande, hatachagua upande kwa kuogopa kuonekana mjinga. Chukua mmoja mmoja kwa zamu kutoka kila foleni.

Wawili wakigongana, tumia kanuni inayohusishwa na mwanahisabati Anatol Rapoport: kabla hujampinga mtu, rudia hoja yake mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema." Fanya hivyo kwa wanaogongana tu. Ukimlazimisha kila msemaji, mkutano utageuka darasa la watoto na watu wazima wataondoka.

Kuhusu chawa na kibaraka, weka sharti moja mwanzoni: neno la kumbandika mtu linasimamisha zamu, na msemaji anaendelea akishalibadilisha. Usimfukuze. Anayefukuzwa anakwenda kijiweni kusema amenyamazishwa, na atakuwa na ukweli kidogo.

Sasa lako wewe. Kosa linaloua mikutano mingi kuliko matusi ni mwenyekiti kujibu kila hoja. Ukijibu mara tatu, umeshakuwa mgomvi mmojawapo, na filimbi haina mwenyewe. Kama una msimamo kuhusu vizimba, mwachie mjumbe mwingine kiti kwa ajenda hiyo, nawe upange foleni kama wenzako.

Na usitake yaishe siku moja. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, kwa hiyo kesho ipo. Muhtasari uandike hoja za pande zote, si uamuzi peke yake. Mradi ukihitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, maoni ya wananchi lazima yatafutwe, na muhtasari uliokamilika una uzito kuliko kelele zilizorekodiwa kwenye simu.

Habari za kazi. Sisi ni akina mama 26 wa kikoba, wauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Wenzetu wawili hawasalimiani tangu uchaguzi. Mmoja alifiwa na ndugu katika vurugu za siku zile, mwingine mume wake ni kada. Kila Jumamosi tunakaa makundi mawili na marejesho yameanza kuchelewa. Katiba yetu inasema siasa marufuku, lakini haisaidii.
*Katibu wa kikoba, Kirumba*

Njema, mama, na pole kwa mzigo huo.

Marufuku yenu haisaidii kwa sababu haitekelezeki. Ushuru wa soko ni siasa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo wanawake wametengewa 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, ni siasa. Mtazungumza nini? Matokeo yake, marufuku humwangukia yule tu anayetaja jina la chama kwanza, na kwa kawaida huyo ni wa upande wenye watu wachache. Anajiona ameonewa, na hakosei.

Kifuteni kifungu hicho muweke utaratibu. Sanduku litangulie: hisa, marejesho, mikopo, mfuko wa jamii, kisha lifungwe na wenye funguo wakae na funguo zao. Mazungumzo mengine yafuate baada ya hapo, na anayetaka kuondoka aondoke bila kuulizwa kwa nini. Halafu wekeni faini ya neno. Neno, si maoni. Tusi, jina la kebehi, na kumtajia mwenzako msiba wake kwa kumkomoa. Kiwango kiwe kilekile cha faini ya kuchelewa, iwe 500 au 1,000. Faini kubwa hailipwi, na faini isiyolipwa inakuwa ugomvi wa pili. Kila faini iandikwe daftarini pamoja na neno lenyewe, halafu baada ya wiki nne mlitazame daftari. Mkikuta faini zote zimetoka upande mmoja, basi sharti limegeuzwa fimbo. Badilisheni mtunza nidhamu kabla hamjabadilisha kitu kingine.

Kuhusu wale wawili: msiwapatanishe mbele ya kikundi. Kuombana radhi mbele ya watu 24 ni maigizo, na maigizo yakiisha kila mtu anarudi na donge lake. Mtafuteni mama mtu mzima asiye kiongozi wa kikoba, anayeheshimiwa na wote wawili, aende kwa kila mmoja peke yake. Aanze kwa mfiwa, na asifungue mdomo kwa siasa. Ampe pole, amwache aeleze, asimsahihishe hata akisema jambo ambalo si la hakika. Kwa yule mwingine aende na ombi moja: je, unaweza kumpa mwenzako pole ya kifo, bila kuzungumzia kilisababishwa na nani? Pole haihitaji watu wawe wamekubaliana. Wengi hukataa kutoa pole wakidhani ukitoa umekiri kosa la upande wako. Akilielewa hilo, nusu ya safari imekwisha.

Chagueni siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapolala kwa sababu taa haivuti kitu mwezi ukiwaka. Mwalo umetulia, hakuna anayekimbilia ndoo. Mume kada asiwepo, hata akijitolea kusaidia.

Jambo moja litaharibu yote: mjumbe kutia asali. Akimwambia mfiwa "mwenzako amesema anajuta" wakati hakusema, watakapokutana itajulikana, na hapo mtakuwa na wagomvi watatu. Na mfiwa akikataa, mwacheni. Kikoba kinahitaji marejesho yake kwa wakati. Tabasamu lake si mali ya kikundi.

Kila tukihoji tunaambiwa tutumie lugha ya staha. Mimi naona staha ni kitambaa cha kufungia watu midomo. Nyie mko upande gani?
*Kijana, Mabatini*

Mara nyingi uko sahihi. Staha inahusu unavyomwita mtu, haihusu unachoruhusiwa kumuuliza. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa jamii. Mipaka ya haki hizo ipo katika ibara ya 30, na kukasirika kwa diwani hakumo.

Kuna kipimo rahisi. Ukiambiwa tumia staha, uliza mbele ya watu: "Nikiuliza kwa maneno gani, utanijibu?" Akikupa maneno, yatumie hayohayo, papo hapo. Asipokuwa nayo, basi hakuwa anazungumzia staha, na wote wameona.

Ila na wewe noa kisu chako. "Viongozi wezi" ni zawadi kwa mwizi, kama yupo: atajibu tusi, ataacha hela. Tuseme Machi mlisomewa shilingi milioni 8 za choo cha shule. Uliza: zimetumika ngapi, kalipwa fundi gani, risiti anayo nani, tutaziona tarehe ngapi? Maswali manne, hayafiki nusu dakika, hayana tusi hata moja, na hakuna njia ya kuyakwepa isipokuwa kunyamaza. Yaandike vilevile kwenye barua, upeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.

Wala usione haya kuwa upande wa wachache. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni 1991, waliotaka vyama vingi walikuwa kama wawili tu kati ya kumi. Tume ilisikiliza sababu zao, ikapendekeza mfumo ubadilike, na 1992 ukabadilika. Kama waliotaka mageuzi wangehesabiwa tu bila kuulizwa sababu, mambo yangeishia hapo.

Shikamooni. Mjomba wangu anatuma kwenye grupu la ukoo video za vurugu ambazo nyingine si za kweli. Nikimsahihisha naonekana sina adabu, nikinyamaza shangazi zangu wanaogopa hata kwenda sokoni. Nifanye nini?
*Mwanafunzi wa chuo, Nyegezi*

Marahaba. Usimjibu kwenye grupu, na usiweke kile kikaragosi cha kucheka. Mtu mzima akisahihishwa mbele ya wapwa na wakaza mjomba atatetea heshima yake, si video. Atatuma nyingine tano.

Kwanza hakikisha mwenyewe. WhatsApp huweka mishale miwili kwenye ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi, mikono mitano au zaidi. Maana yake mjomba si mtunzi, ni kituo tu njiani, na hilo likupunguzie hasira. Simamisha video mahali picha iko wazi, ipige picha ya skrini, uitafute kwa Google Lens uone kama iliwahi kutokea miaka ya nyuma. Tazama vitu ambavyo mdanganyifu hasumbuki navyo: namba za magari (za kwetu huanza na T, za Kenya K, za Uganda U), maandishi ya madukani, sare, lugha ya wanaopiga kelele nyuma. Kwa sauti peke yake usiamini sikio lako. Akili unde inaiga sauti ya mtu yeyote siku hizi. Tafuta kama hotuba hiyohiyo ilirekodiwa na mtu mwingine kutoka upande mwingine.

Hapa kuna mtego. Intaneti ilizimwa siku zile, kwa hiyo video nyingi za kweli zilitoka siku kadhaa baadaye. Kuchelewa kutumwa si ushahidi kwamba ni ya uongo. Iliyokuwepo mtandaoni kabla ya tukio ndiyo ya uongo bila ubishi.

Kisha mwandikie peke yake, kwa ufupi: "Shikamoo mjomba. Ile video ya jana nimeitafuta, nimeikuta mtandaoni tangu 2021, na magari yake ni ya nchi nyingine. Nimeona nikuambie wewe kwanza." Ishia hapo. Usiombe aombe radhi, usitume viungo vitano, kimoja kinatosha. WhatsApp inaruhusu mtumaji kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo usingoje Jumapili. Akifuta mwenyewe, hakuna aliyeaibika.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kijue, lakini usimtishie nacho mjomba. Ukimtajia jela, mazungumzo yamekwisha. Na siku utakayokuta video yake ni ya kweli, mwambie pia. Vinginevyo atajua unasahihisha upande mmoja tu.

Sisi huku tumezoea utani. Je, utani wa vyama una mpaka?
*Mzee, Kisesa*

Shikamoo mzee. Unakaa jirani na makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kwa hiyo unawajua Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, kuliko sisi. Wafuasi wa waasisi wao, Ngika na Gumha, wanatukanana kwa nyimbo, kila upande ukivuta watazamaji kwake, na wanarudi nyumbani majirani. Kinachowezesha ni kwamba ngoma ina siku yake, uwanja wake na mwisho wake, na kila upande una zamu ya kujibu. Utani wa vyama unamfuata mtu dukani, kliniki na msikitini, na mara nyingi anayetaniwa hathubutu kujibu. Asiyeweza kukujibu si mtani wako. Msibani ndiyo kabisa: Mzaramo anaweza kumtania Msukuma mbele ya jeneza kwa sababu utani huo ni wa jadi na wote wanaujua. Kada wa chama kingine hana utani huo.

Tunataka kufanya mdahalo wa vijana uwanjani Igoma, si wa chama chochote. Lazima tupate kibali cha polisi?
*Kikundi cha vijana, Igoma*

Kwa mkusanyiko wa mahali pa wazi, sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo lenu, angalau saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Ni taarifa, si ombi. Sharti la kuomba kibali lilibatilishwa na Mahakama Kuu 1994 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila. Polisi bado wanaweza kuzuia, kwa hiyo msipeleke zikiwa zimebaki saa 48 kamili. Pelekeni siku tano kabla, mkizuiwa mpate muda wa kuomba sababu kwa maandishi au kuhamia ukumbini.

Katika madhumuni andikeni swali lenyewe la mdahalo, msiandike "masuala ya kitaifa". Mwambieni na mwenyekiti wa mtaa. Sare za vyama zisivaliwe, na mmalize kabla giza halijaingia. Taarifa iwe na nakala tatu, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa: moja ya polisi, moja ya katibu wenu, na ya tatu akae nayo mwenye spika uwanjani, kwa sababu ndiye anayefuatwa kwanza.